Ini Halilii Mapema



Februari 2024, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 10 kule Kangai, Kirinyaga, kwa siku chache tu. Nchi nzima ilishtuka. Lakini iko pombe halali, ya kununuliwa dukani, inayoua polepole, na hakuna anayeshtuka.

Akina mama wa hapa Gatitu hutuuliza: "Mbona mzee amekunywa miaka ishirini bila kuugua, halafu ghafla macho yamekuwa ya manjano?" Jibu letu ni kwamba hakuugua ghafla. Ini huumia kimyakimya.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Huondoa sumu katika damu, huweka akiba ya nguvu ya chakula, na husaidia damu kuganda mtu akijikata. Bia, muratina, chang'aa, zote hupitia hapo. Chupa moja ya bia ya nusu lita, ini huhitaji kama saa mbili kuimaliza. Kahawa kali haisaidii kitu.

Mtu akinywa sana kila siku, ini huharibika hivi:

1. Hujaa mafuta. Mtu hasikii lolote. Akiacha pombe, mafuta huweza kuisha kwa majuma machache.

2. Huvimba. Mtu huchoka, hakosi kichefuchefu, chakula hakimwendi, macho huwa manjano. Wengine hufa hapo.

3. Hujaa makovu. Huu ndio ugonjwa uitwao sirosisi. Tumbo hujaa maji, miguu huvimba, mtu hutapika damu au huchanganyikiwa. Makovu haya kwa kawaida hayafutiki, lakini hata sasa anayeacha pombe huweza kuongeza miaka yake.

Na akina mama tusijidanganye: mwili wa mwanamke huumizwa na pombe kidogo kuliko ule wa mwanamume.

Basi tufanye nini? Vikundi vyetu twajua sana kuchanga pesa za hospitali na za mazishi. Tujifunze pia kumfuata mwenzetu mapema, kwa upole, bila kumwaibisha mbele ya watu. Aende hospitali apimwe damu kabla macho hayajageuka rangi.

Tahadhari moja: aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Amwone daktari kwanza, na mmoja wetu amsindikize.