Mbuzi Walikwisha, Hofu Ikabaki

Wajukuu, mkimwona mtu pale sokoni Lodwar, Turkana, anafungua leso, anahesabu hela zake, anazifunga, kisha anazifungua tena, msimcheke. Anajua hazijaongezeka.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika kaunti kame za Kenya ikafa mifugo zaidi ya milioni mbili. Mbuzi wa Mturkana ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni karo, ni kauli yake mbele ya wazee. Mvua iliporudi 2023 majani yaliota, ila mwenye boma hakurudi alivyokuwa. Mpe mbuzi watano leo, kesho anawauza kwa bei ya kutupa, maana anaona watakufa tu. Mwingine anaficha unga mpaka unaingia wadudu, huku watoto wanalala njaa. Msiba umepita, mwili haujaambiwa.

Ni ujinga? Hata kidogo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, kule India, waliopimwa akili kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na tena baada ya kuvuna. Watu walewale walijibu vizuri zaidi walipokuwa na chochote mfukoni. Ndiyo maana semina za bajeti kwa mtu aliyefiwa na boma zima hunikera.

Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, hofu hiyo ina sura ya deni. Mkimbizi hukopa unga dukani akingoja mgao, na mwenye duka naye anadaiwa mzigo wa Kitale. Mwaka 2025 mgao ulikatwa ukashuka chini ya theluthi ya kiwango kamili. Deni halikukatwa.

Sasa sikilizeni wazee walivyofanya. Mturkana hakuweka mifugo yote boma moja. Aliwagawia marafiki wa mbali, nao wakamgawia. Balaa likimpata, alifunga safari kwenda kuomba, na kuomba huko hakukuwa aibu. Alipojenga boma upya, alianza na mbuzi, kwa kuwa mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, ilhali ngamia hupitisha mwaka. Basi kabla hofu haijamzidi, alishaona mtoto wa mbuzi amesimama. Ngamia alikuja baadaye.

Taabu ni kwamba ukame huu wa juzi haukuchagua, rafiki naye alibaki na kamba tupu. Siku hizi kina mama huunda vikundi vya akiba, kila mmoja akileta alicho nacho, hata shilingi hamsini. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mmoja akishtuka usiku akitaka kuchukua chake chote na kukimbia, itabidi kwanza awaamshe wenzake wawili na kuwaeleza anachoogopa.