Refa analala kijiji kimoja na wanaomtukana

Katika Sheria namba 5 ya mpira wa miguu kuna kifungu kifupi ambacho mashabiki wengi hawakijui. Mtazamaji akipuliza filimbi, na filimbi hiyo ikavuruga mchezo, mwamuzi asimamishe mpira kisha auanzishe upya kwa kuudondosha. Waliokiandika hawajafika Msimbati wala Kilambo, Mtwara, ila utadhani wamewahi kukaa huko msimu mzima wa korosho. Minada ikianza Oktoba na fedha zikiingia kwa wakulima, mashindano ya ndondo huchipuka kila kijiji, na uwanjani zinasikika filimbi tatu nne, moja tu ikiwa ya refa.

Msimu huo ndio unaompima mwamuzi wa kusini. Zawadi yaweza kuwa mbuzi, ng'ombe, au seti ya jezi aliyoitoa mgombea fulani. Uwanja hauna uzio. Watu wamesimama juu ya chaki, wengine wameivuka, na mshika kibendera anakimbia akiomba njia. Taa hakuna, kwa hiyo mchezo sharti uishe kabla ya adhana ya magharibi, na kila dakika inayoliwa na ubishi inageuka kuwa lawama: timu iliyofungwa inadai imeibiwa muda, iliyo mbele inadai giza limeshaingia na mpira hauonekani.

Refa mwenyewe si mgeni. Ni mwalimu wa shule ya jirani, au dereva wa bodaboda kutoka Mikindani, mwenye shemeji upande huu na mjomba upande ule. Kwa Wamakonde mjomba, ndugu wa mama, ana neno zito juu ya mtu kuliko hata baba mzazi. Kumnyima mjomba bao mbele ya watu si jambo la kusahaulika kwa chai moja. Penalti iliyotolewa saa kumi na moja jioni refa atakutana nayo usiku kijiweni kwenye kahawa, kesho ghalani wakati wa kupima korosho, na wiki ijayo msibani, anapokaa mkeka mmoja na golikipa aliyefungwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba kumlinda mwamuzi ni suala la askari na dakika 90. Ngumi zipo, sikatai. Machi 10, 2012, Uwanja wa Taifa, Yanga walipofungwa 3-1 na Azam, wachezaji wa Yanga walimvamia refa Israel Nkongo na kumpiga mbele ya kamera, baadhi yao wakafungiwa. Nako Uturuki, Desemba 2023, rais wa klabu ya Ankaragücü alishuka uwanjani akamtandika ngumi ya uso refa Halil Umut Meler, na ligi nzima ikasimamishwa kwa siku kadhaa. Ngumi ina mashahidi, ina picha, ina kamati ya kuishughulikia. Kinyongo hakina kamisaa. Kinakaa kimya mpaka mechi ya marudiano.

Na kinyongo kinachonitisha mimi zaidi ni cha refa mwenyewe. Shabiki aliyenuna ataropoka, atakwenda nyumbani, atalala. Refa aliyenuna ana filimbi mkononi. Nahodha aliyemwita mwizi kwenye robo fainali anamkuta tena kwenye nusu fainali, na safari hii rafu ndogo ya katikati ya uwanja, ambayo kwa mwingine ingepita kwa kuonywa kwa mdomo, inazaa kadi ya njano dakika ya tatu. Hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote, lakini kijiji kizima kimeona.

Kuna pia ugonjwa wa pili, ambao wengi huuona kama wema: kufidia. Refa ametambua, kwa kelele za watu au kwa dhamiri yake, kwamba penalti ya dakika ya 20 haikuwa penalti. Sheria iko wazi kwamba mpira ukishaanzishwa tena hawezi kurudi nyuma kuubadili uamuzi. Basi anatafuta cha kuwalipa walioonewa dakika ya 70. Anajiona ametenda haki. Kumbe la kwanza lilikuwa kosa la macho, na la pili amelikusudia. Sasa timu zote mbili zina madai halali dhidi yake, wakati mwanzoni ilikuwa moja. Sijui mafunzo gani ya waamuzi yasingefaidika kutenga asubuhi nzima kwa jambo hili moja.

Kuna mchezo mwingine uliolitazama suala la kinyongo kwa muda mrefu. Kwenye besiboli ya kulipwa Marekani, timu mbili hukutana siku tatu au nne mfululizo katika uwanja uleule, na kwa kawaida waamuzi ni walewale. Bobby Cox, aliyeiongoza Atlanta Braves kwa miaka mingi, alitolewa uwanjani zaidi ya mara 150, rekodi ya ligi hiyo. Leo amefukuzwa kwa kumfokea mwamuzi pua kwa pua. Kesho, kabla ya mechi, karatasi za vikosi lazima zikabidhiwe kwa waamuzi walewale. Kama kila mmoja angebeba ya jana, ligi isingefika hata katikati ya msimu. Hali hiyo iko karibu na ya kijiji kama Msanga Mkuu kuliko ya Ligi Kuu yetu, ambako mwamuzi huchezesha, hupanda basi na kuondoka.

Tukirudi kwa mashabiki, refa hana kadi ya kuwaonyesha, na wengi huharibu hapo. Anageuka, anajibu, ananyoosha kidole. Akishafanya hivyo amekwisha, kwa sababu jukwaa likijua kwamba linasikika halinyamazi tena. Pwani yetu ina utani mwingi, na mtu anaweza kukuita kipofu, akakutajia miwani ya bibi yako, kisha jioni akakununulia kashata. Huyo aachwe. Anayetishia, anayerusha jiwe, anayetusi kwa kabila au rangi, ni habari nyingine, na huko sheria imempa refa nguvu zote: kusimamisha, kuahirisha kwa muda, kuvunja mchezo kabisa. Apite kwa nahodha na kwa kamati ya mashindano, asiende mwenyewe kwenye mstari kugombana. Tangu 2024 wenye sheria za mpira wamehimiza utaratibu wa nahodha peke yake kuzungumza na mwamuzi kuhusu maamuzi makubwa. Ndondo zetu zingeuchukua kesho asubuhi bila gharama yoyote.

Halafu aandike. Ripoti ya usiku uleule, yenye dakika, namba ya jezi na maneno yaliyosemwa, ndipo hasira ya refa inapopaswa kuishia. Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga zilipotoka 1-1, mashabiki wa Simba waling'oa viti Uwanja wa Taifa baada ya refa Martin Saanya kulikubali bao la Amissi Tambwe ambalo wao waliona limetanguliwa na mkono, na kumtoa nahodha wao Jonas Mkude kwa kadi nyekundu. Nape Nnauye, waziri wa michezo wakati ule na mbunge wa Mtama jirani zetu wa Lindi, akazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja huo. Baadaye kadi ya Mkude ikafutwa na vyombo vya ligi. Viti vilikuwa vimeshang'oka. Lakini kuna kilichosahihishwa, na kilisahihishwa mezani kwa sababu meza ilikuwepo. Kwenye ndondo meza hiyo mara nyingi ni mwenyekiti wa kamati ambaye pia ndiye mfadhili wa mojawapo ya timu.

Mtwara ina kovu lake la ziada. Klabu yake ya Ndanda ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, mwaka mmoja tu baada ya vurugu za Mei 2013 kuhusu gesi ya Mnazi Bay na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Katika mazingira hayo, mwamuzi aliyeshuka Uwanja wa Nangwanda Sijaona kuchezesha Ndanda na Simba au Yanga alibeba mgogoro ambao hakuwa ameuanzisha: kona aliyoinyima Ndanda ilihesabiwa pamoja na mengine yote yaliyosadikiwa kuchukuliwa na Dar. Hakuna semina itakayomfundisha refa kulitatua hilo. Anachoweza ni kutoonekana akicheka na viongozi wa timu kubwa kabla ya mechi, na kutopanda gari lao baada yake. Ndanda ilishuka 2020 na kelele zile zikapungua, ila wazo la "refa wao" limebaki mitaani.

Kwa ndondo liko jambo moja ambalo kamati za vijiji zinaweza kulifanya msimu ujao bila kusubiri shirikisho la soka, TFF, wala chama cha waamuzi. Posho ya refa itolewe kabla ya mpira kuanza, mbele ya manahodha wote wawili, kiasi kikitajwa kwa sauti. Ilivyo sasa mara nyingi analipwa mwisho, kutoka kwenye viingilio au mfukoni mwa mfadhili, na timu ya mfadhili ikifungwa ghafla hela hazipo. Hapo refa anaondoka na deni, mfadhili anabaki na hasira, na ratiba ya wiki ijayo imeshampangia refa huyohuyo timu ileile.