Vigae na Shanga za Kale katika Nchi ya Rufiji

Huko Kondoa watu wa kale walichora sura za watu na wanyama juu ya majabali, na mwaka 2006 michoro ile ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi wa Rufiji na Kibiti twakaa penye mchanga, matope na mikoko. Je, wazee wa nchi hii hawakuacha alama? Waliacha, nazo zimo chini ya udongo.

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Mkukutu, karibu na Kibiti, akapata shanga za kioo za zamani za dola ya Kirumi; habari hiyo aliitangaza mwaka 1999. Nacho kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja mji wa biashara wa pwani hii, jina lake Rhapta, ambako wageni walileta mikuki, mashoka na vioo, wakachukua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Wataalamu wangali wakibishana juu ya mahali pa mji huo, lakini shanga zile zaonyesha kwamba bidhaa za mbali zilifika kwetu.

Umri wake wajulikanaje? Ushanga ukiwa peke yake mkononi husema machache. Ukiwa mahali pake, pamoja na vigae na makaa ya meko ya kale, wajuzi huyapima makaa na kuzitazama nakshi za vigae, wakatambua zamani zake. Ukiisha kuondolewa, ushahidi huo haurudi. Tena jabali likikwaruzwa kovu huonekana, bali udongo uliofukuliwa huota majani, asijue mtu kilichopotea.

Basi mkulima, au mtu achimbaye kisima au msingi wa nyumba, akiona vigae vingi vyenye nakshi au shanga, asiwape watoto kuchezea wala asimwuzie mpita njia. Na asimamishe jembe, atie alama mahali pale, amwarifu mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike wilayani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kufukua vitu hivyo pasipo kibali. Walimu nao wawafundishe watoto kutazama bila kuokota.

Wala mtu asidhani kuna hazina. Hata Kondoa wapo waliochimba karibu na michoro wakitafuta dhahabu ya Wadachi, wakaharibu tu. Mali iliyomo ardhini mwetu ni habari za waliotutangulia, nayo yafaa ikiachwa mahali pake mpaka aje ajuaye kuisoma.