Nani anabaki na funguo?

Mimi ni fundi kufuli hapa Mangobo, mjini Kisangani, kando ya njia ya toleka, yaani baiskeli za abiria. Watu hudhani naitwa na waliopoteza funguo tu. Kazi nono hutoka kwa wanaogombania nyumba. Mzee amefariki, wajane na wadogo wa marehemu wanavutana juu ya parseli, mahakama inafunga. Ukanda wa karatasi wenye muhuri hubandikwa nusu kwenye ubao wa mlango, nusu kwenye fremu, ili mlango ukisogezwa tu, karatasi ipasuke. Natoa kufuli la zamani, natia jipya mbele ya karani, na funguo anapewa mtu asiye wa upande wowote.

Wanasheria wetu hukiita kitendo hicho séquestre. Ni neno la Warumi wa kale: kwao sequester alikuwa mtu wa tatu, ambaye wagomvi wawili walimkabidhi mali mpaka kesi iishe. Alitunza, hakumiliki. Kukonfiske ni habari nyingine. Ndani yake mna fiscus, kapu ambalo Warumi walitilia fedha, likaja kuwa jina la hazina ya Kaisari. Ukikonfiskiwa, chako kimeingia kapuni. Ila mtaani, askari akichukua baiskeli ya kijana wa toleka, sote tunasema "wameikamata" basi. Imetunzwa au imeliwa? Kukamata hakusemi, na nadhani wapo wanaolipenda neno hilo kwa sababu hiyo hiyo.

Watanzania wana kutaifisha, kutokana na taifa. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa, zikawa za serikali. Upende usipende, mpokeaji alijulikana.

Hatua yetu ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, siwezi kuiita hivyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapita mikononi mwa Wazairwa. Marehemu baba alikuwa muuzaji kwa Mgiriki mmoja kule Makiso, mjini humu humu: vitenge, chumvi, mabeseni, maziwa ya mkebe. Alisimulia kwamba bosi mpya alifika na jamaa zake, akaomba funguo kabla ya kuomba daftari la madeni. Waliuza kilichokuwemo, kuagiza kingine hawakuagiza. Rafu zilipobaki tupu, ziliuzwa zenyewe, mbao na misumari yake. Kwa Kifaransa bosi wa aina hiyo aliitwa acquéreur, yaani mwenye kupata, na kweli alipata. Taifa lilipata hotuba.

V. S. Naipaul alitunga riwaya juu ya mambo hayo, A Bend in the River, iliyotoka 1979, katika mji usiotajwa jina lakini unaofanana mno na Kisangani. Salim, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi kutoka pwani ya mashariki, anakuta duka lake limepewa raia aitwaye Théotime, naye anabaki humo humo kama mwajiriwa. Baba hakukisoma kitabu hicho, alikuwa amekwisha kukiona.

Uganda, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, mali nyingi ziligawanywa vile vile, lakini baadaye iliundwa bodi ya kuzishika. Ilishika kwa mapungufu mengi, ila hati zilikuwa na pa kukaa, na sheria ya 1982 ilipofungua mlango wa kurudishiwa, wenyewe walikuwa na pa kubisha hodi. Kwetu serikali nayo ilirudi nyuma: mwaka 1976 ilikubali wenye mali warudishiwe asilimia 60. Asilimia 60 ya rafu zilizokwisha uzwa ni ngapi? Mgiriki wa baba hakuja kuuliza.

Kwa hiyo nikiitwa kufunga nyumba ya watu, naomba PV, hati ya mahakama, kwanza na kutafuta jina la mtunzaji. Likikosekana, tindo inabaki mkobani, hata wakiniongezea franga.