Kadi za sauti za zamani: mbio za kurekodi kabla hazijanyamaza

Muziki wa michezo mingi ya kompyuta ya mwisho wa miaka ya 1980 uko hatarini kwa sababu ambayo watu wengi hawaijui: ndani ya faili zake hamna sauti. Mna maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kisha nyamaza. Sauti yenyewe ilitoka kwenye chipu ya kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi ikifa, yanabaki maagizo bila mpigaji.

Kadi iliyofungua njia ni AdLib ya mwaka 1987. Ilitengenezwa Québec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, na kampuni ya Martin Prével, aliyewahi kufundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Laval. Ilitumia chipu ya Yamaha YM3812, inayotoa hadi sauti 9 kwa pamoja. Mwaka 1989, Creative Technology ya Singapore ilileta Sound Blaster yenye chipu hiyohiyo, pamoja na uwezo wa kucheza sauti zilizorekodiwa. AdLib ilifilisika mwaka 1992.

Chipu hiyo haikuhifadhi sauti ya ngoma wala ya kinanda. Ilifuata njia ambayo John Chowning aligundua mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: wimbi moja linatikisa lingine kwa kasi kubwa, na hapo inazaliwa sauti mpya, mara nyororo kama kengele, mara kali kama bati.

Leo anayetaka kuhifadhi sauti hizo anahitaji kwanza kompyuta ya zamani, kwa kuwa kompyuta mpya hazina nafasi ya kuchomeka kadi hizo. Programu ndogo inaiamuru chipu kupiga noti moja moja, ya chini hadi ya juu. Waya unatoka kwenye kadi hadi kwenye kifaa cha kurekodi, na kiwango kinawekwa chini kidogo ili sauti isipasuke. Sekunde chache za ukimya hurekodiwa pia, ili mvumo wa mashine ujulikane peke yake.

Kisha inakuja kazi ya kusafisha, na hapo ndipo penye mtego. Kukata ukimya wa mwanzo na wa mwisho hakuna hasara. Lakini ukiondoa mvumo kupita kiasi, unaondoa pia ukali wa juu unaoitambulisha kadi. Kwa hiyo ni busara kutunza nakala mbili: ghafi isiyoguswa, na iliyosafishwa kwa ajili ya wanamuziki.

Zipo programu zinazoiga chipu hizo kwa usahihi mkubwa. Hata hivyo, sauti iliyosikika nyumbani ilipitia pia kikuza sauti cha kadi, na vipuri vyake vinazeeka. Rekodi ya kadi ambayo bado nzima ndiyo kipimo cha kulinganishia, na kila mwaka kadi za namna hiyo zinapungua.