Taka: Asili na Maana ya Jina la Kuzaliwa la Mfalme Scar

1.0 Utangulizi

Katika filamu ya The Lion King (1994), simba anayemwua ndugu yake na kutwaa ufalme huitwa Scar, yaani kovu. Jina lake la kuzaliwa, Taka, halimo katika filamu hiyo. Lilitokea katika kitabu cha hadithi cha mwaka huohuo, A Tale of Two Brothers, na likarejea katika filamu ya Mufasa: The Lion King (2024). Wengi hulifasiri kuwa ni takataka, wakahitimisha kwamba mtoto huyo alidharauliwa na wazazi wake tangu kuzaliwa. Makala haya yanaonyesha kwamba hitimisho hilo halina msingi wa kutosha katika sarufi wala katika desturi za kutoa majina.

2.0 Maumbo Mawili

Kiswahili kina nomino taka, yenye maana ya uchafu, ambayo hurudufiwa kuwa takataka. Kina pia kitenzi taka, yaani hitaji au tamani. Kila umbo laweza kuwa jina la mtu. Nomino hutumika bila kubadilishwa, kama Tabu, Shida na Baraka. Hata baba yake Taka katika kitabu cha 1994 anaitwa Ahadi. Vitenzi navyo hutoa majina, ama katika hali ya kuamuru, kama Shukuru, ama pamoja na viambishi, kama Sikujua. Mofolojia, basi, inaruhusu fasiri zote mbili, na uamuzi hauna budi kutafutwa nje ya umbo la neno.

3.0 Jina na Mazingira ya Kuzaliwa

Namungo, pamoja na maeneo mengine ya Ruangwa na Nachingwea, ni sehemu ya nchi ambamo majina kama Shida, Tabu na Mashaka ni ya kawaida. Majina hayo huhifadhi kumbukumbu ya hali iliyowakabili wazazi mtoto alipozaliwa; hayampimi mtoto mwenyewe. Aitwaye Mashaka hashukiwi na mtu. Aidha, katika jamii nyingi za Kiafrika, mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki hupewa jina baya makusudi ili mauti yasimtamani. Kwa hiyo, hata Taka likiwa na maana ya uchafu, laweza kuwa kinga ya mtoto anayependwa. Likiwa na maana ya kutamani, linamfaa mrithi: katika filamu ya 2024 Taka ni mwana wa mfalme, naye Mufasa ni mtoto wa kulelewa.

4.0 Kutoka Taka hadi Scar

Miongoni mwa Wamwera, Wayao na Wamakonde wa kusini, mvulana atokaye jandoni hupata jina jipya, na kumwita kwa jina la utotoni ni kumvunjia heshima. Scar naye huacha jina la utoto baada ya jeraha. Tofauti ni kwamba jina la jandoni humwingiza kijana katika jamii ya watu wazima, ilhali la Scar linamtenga na nduguye. Katika filamu ya pili (1998), mrithi aliyemteua anaitwa Kovu: jina lilelile, safari hii kwa Kiswahili.

5.0 Hitimisho

Kamusi hutoa maana ya neno. Maana ya jina hutolewa na mwenye kulitoa na siku aliyolitoa. Uovu wa Scar hauwezi kusomwa katika jina la Taka. Anayefanya hivyo anaihukumu siku ya kuzaliwa kwa matendo ya utu uzima.