Je, Wajua? Msiba wa Mtoto Aliyefiwa na Mzazi

Je, wajua kuwa mtoto wa miaka minne anaweza kuambiwa baba amekufa, akaitikia, kisha jioni akauliza baba anarudi saa ngapi? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Budapest: wengi wa walio chini ya miaka mitano walikiona kifo kama safari au usingizi. Basi ukimwambia mtoto kwamba mama “amesafiri”, atakuamini na atamngoja. Ukisema “amelala”, usishangae akianza kuogopa kulala. Sema amekufa, na kwamba aliyekufa harudi.

Je, wajua kuwa mtoto huomboleza kwa vipindi? Sasa hivi analia, baada ya dakika kumi anakimbizana na wenzake nyuma ya turubai. Waliokaa mkekani husema, “Mtoto hana habari.” Anazo! Uchungu ni mzigo asioweza kuubeba wote kwa mara moja, kwa hiyo anautua, anacheza, kisha anaurudia. Mwingine huumwa tumbo asubuhi ya shule, mwingine huanza tena kukojoa kitandani. Asichapwe.

Je, wajua kuwa watoto wengi hudhani wao ndio waliosababisha kifo? Pengine mtoto alikataa kutumwa dukani, akamnunia mama, na wiki ileile mama akafa. Hilo atalificha miaka. Mwambie hata kabla hajauliza kwamba kosa si lake.

Je, wajua kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake, Abdullah, ameshafariki? Mama yake, Amina, alifia Abwa, kati ya Madina na Makka, mtoto akiwa na miaka sita. Babu yake akamlea, naye akafariki mtoto akiwa na minane. Ndipo ami yake Abu Talib akamchukua.

Je, wajua kuwa Sayyida Salme wa Zanzibar alikuwa na umri wa miaka 12 hivi baba yake, Sultani Sayyid Said, alipofia baharini Oktoba 1856 akirejea kutoka Oman? Mama yake alichukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Baadaye Salme aliolewa na Mjerumani, na mume huyo akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg mwaka 1870, akiacha watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, alianza kuziandika kwa ajili ya watoto hao. Yatima aliwaandikia yatima, na wazazi wake wamo humo hai kabisa.

Je, wajua kuwa mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, lakini mtoto hana muda wake maalumu wa msiba? Nchini Marekani, William Worden na Phyllis Silverman walifuatilia watoto 125 wa familia 70 waliofiwa na mzazi. Tofauti kati yao na watoto wasiofiwa ilionekana wazi zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza. Huku kwetu, kufikia wakati huo arobaini imesahaulika na wajomba wamesharudi mjini. Zaidi ya nusu ya watoto hao wa Marekani waliofiwa walikuwa wakizungumza na mzazi aliyekufa. Huo si wazimu. Kwa hiyo mtoto akijifunika kanga ya mama na kukataa isifuliwe kwa kuwa bado ina harufu yake, mwachie.

Je, wajua kuwa akina mama wa Uganda wenye VVU, kupitia chama cha NACWOLA, waliandika vitabu vya kumbukumbu vya kuwaachia watoto wao? Ndani yake waliweka picha, majina ya ukoo, mila za nyumbani na habari za siku mtoto alipozaliwa. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1990, dawa zilipokuwa adimu.

Kama nyumbani kwenu yupo mtoto aliyefiwa, mtajie jina la mzazi wake leo. Mweleze alivyokuwa akicheka. Na kama ni mtoto wa kiume wa miaka tisa, tafadhali, msimwambie sasa yeye ndiye baba wa nyumba.